Kitoweo kidogo cha nyumbani kina elimu kubwa

Miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili kimeyahifadhi vyema, ingawa wasemaji wengi wa bara wameanza kuyapa kisogo, ni neno kitoweo. Kitoweo ni chochote kiliwacho pamoja na chakula kikuu ili kukipa ladha na kukiwezesha kushuka kooni: samaki, nyama, maharagwe, mboga za majani na, katika nyumba isiyo na kingine siku hiyo, hata kachumbari ya nyanya na vitunguu. Neno lenyewe limetokana na kitenzi towea, yaani kula wali, ugali au muhogo kwa kitu cha kando, jinsi kifuniko kilivyotokana na funika na kizibo kikatokana na ziba. Kiambishi ki- hapa hakidokezi udogo hata kidogo. Kinatuarifu kazi. Kitoweo si pambo la sahani bali ni nyenzo ya kulia.

Nimeanza na neno hili makusudi, kwa kuwa mintarafu ya vyakula vya kando katika nyumba zetu na shule zetu, jambo linaloniudhi zaidi si uhaba bali ni dharau. Mtu akiletewa majani ya letasi yaliyotiwa mafuta mezani hotelini, husema amekula saladi na kuona kwamba amestaarabika. Akikatiwa nyanya, kitunguu na dhania nyumbani, husema hapakuwa na mboga. Hoja yangu leo ni kwamba dharau hii inaanzia katika majina, kisha inaingia jikoni, na hatimaye hulipiwa na miili ya watoto wetu.

Tuitazame kachumbari kwanza. Neno hili tumelipokea kutoka Bara Hindi, ambako mchanganyiko wa vitunguu, nyanya, matango na ndimu huitwa kachumber. Mswahili, ambaye hapendi silabi iishie kwa konsonanti, alilitia irabu mwishoni na kulifanya mwananchi. Viungo vyake navyo vimesafiri kutoka pande mbalimbali. Vitunguu asili yake ni Asia. Nyanya na pilipili ni mimea ya Amerika, ambayo haikujulikana upande huu wa dunia kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Zililetwa na mabaharia na wafanyabiashara wa karne zilizofuata. Ndimu imetoka Asia pia. Jani tunalolinyunyiza juu huitwa dhania na Wakenya wengi, huitwa kotmiri na baadhi ya watu wa pwani, na kwa ndugu zetu wa Tanzania ni giligilani. Kwa hivyo, anayekula kachumbari kwa pilau au kwa nyama choma anakula historia ya Bahari ya Hindi na ya Atlantiki katika bakuli moja.

Nimewahi kusikia wanafunzi wakidai kwamba ka- katika kachumbari ni kile kiambishi cha kudunisha, kama katika katoto au kagari. Dai hili halina mashiko. Lingekuwa la kweli, pangekuwa na kitu kikubwa kiitwacho chumbari, nacho hakipo. Hata hivyo, kosa hilo la kisarufi lina ukweli fulani wa kijamii ndani yake: tumekitendea chakula hiki kana kwamba kweli jina lake lina kiambishi cha kudunisha.

Na saladi je, ina ukuu gani unaoizidi kachumbari? Neno hili limetujia kupitia Kiingereza, nacho kililipata kutoka Kifaransa, na chanzo chake cha mbali ni neno la Kilatini lenye maana ya chumvi. Saladi, kwa asili yake, ni mboga iliyotiwa chumvi, basi. Mama anayekata vitunguu vyembamba, akavifikicha kwa chumvi, akavisuuza ili kuvipunguza ukali, kisha akavichanganya na nyanya, ametengeneza saladi kwa maana kamili ya neno hilo, hata kama hajapata kulisikia.

Ufundi wenyewe ni mwepesi, na mwanafunzi wa darasa la sita aweza kuumudu akisimamiwa. Kwa watu wanne, nyanya nne ngumu, vitunguu viwili, kifungu kidogo cha dhania na ndimu moja vinatosha. Vitunguu hukatwa kwanza na kutiwa chumvi, vikasuuzwa na kukamuliwa. Nyanya hukatwa baadaye ili zisitoe maji mengi. Ndimu hukamuliwa mwisho, karibu na wakati wa kula. Nyanya zikipanda bei, kabichi iliyokatwa nyembamba pamoja na karoti iliyoparwa hushika nafasi yake bila malalamiko. Huko pwani, embe bichi lililokatwa vipande vyembamba na kutiwa chumvi na pilipili humfanya mtu aombe wali mara ya pili. Penye miparachichi, nusu ya tunda lililoiva, likipondwa na kutiwa ndimu na chumvi, ni kitoweo kamili cha viazi vya kuchemsha au cha chapati. Hakuna katika haya yote kinachohitaji jiko la gesi wala kitabu cha mapishi.

Yamkini msomaji atauliza: kuna haja gani ya kulizungumza jambo dogo kama hili mbele ya walimu? Haja ipo, na ni kubwa. Chakula cha kawaida katika shule zetu ni githeri, au ugali kwa maharagwe. Maharagwe yana madini ya chuma, ambayo damu huyahitaji, na wasichana waliobaleghe huyahitaji zaidi kwa kuwa hupoteza damu kila mwezi. Lakini chuma kilichomo katika nafaka, kunde na majani hakifyonzwi na mwili kwa urahisi kama kile cha nyama. Kinachokisaidia ni vitamini C, na vitamini hii imo katika ndimu, nyanya, pilipili hoho na kabichi mbichi. Huharibiwa na moto na huyeyukia katika maji ya kuchemshia. Basi kijiko cha kachumbari yenye ndimu juu ya githeri si anasa, bali ni msaada unaouwezesha mwili kuyafaidi maharagwe yale yale ambayo shule imekwisha kuyanunua. Kinyume chake ni chai: ikinywewa pamoja na chakula huzuia sehemu ya chuma hicho isifyonzwe, na ni heri ikawekwa mbali na mlo.

Kutoka kachumbari natugeukie mboga za majani, ambako dharau imekita mizizi zaidi. Kila mwaka huwaomba wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wanitajie kwa Kiswahili majina ya mboga tano za kienyeji. Sukuma wiki hutajwa mara moja, nalo ni jina lenye utamu wa kipekee: sentensi nzima ya kuamrisha, kitenzi na yambwa yake, iliyogeuka nomino na kuingia katika ngeli ya I-ZI. Ladha yake ya mzaha inatueleza hali ya mfuko wa aliyeibuni. Lakini sukuma wiki yenyewe ni jamaa ya kabichi, mboga iliyotoka ng'ambo. Baada ya hapo wengi huduwaa. Wanajua managu kwa Kikuyu, osuga kwa Kijaluo au lisutsa kwa Kiluhya, lakini hawajui kwamba kwa Kiswahili mmea huo ni mnavu. Wanajua dek au chinsaga, lakini hawajui mgagani. Wengine hawajui hata jina la lugha ya mama. Wao husema tu "mboga za kienyeji", kana kwamba mimea yote ya nyika ni mmoja.

Upotevu huu una historia. Katika mafunzo ya kilimo tuliyorithi kutoka enzi ya ukoloni, mazao yaliyosifiwa yalikuwa yale ya kuuzwa na yale ya bustani za Ulaya. Mimea mingi iliyolisha mababu zetu iliorodheshwa miongoni mwa magugu. Jina mojawapo la Kiingereza la mgagani, tukilitafsiri, ni gugu la buibui. Mtoto aliyefunzwa shuleni kwamba mmea fulani ni gugu atauheshimu vipi akiukuta sahanini?

Hapana shaka mambo yameanza kubadilika. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia ametumia miaka mingi kutafiti mboga hizi za Kiafrika, mbegu zake na manufaa yake kwa lishe, na kazi yake imesaidia kuzitoa katika orodha ya magugu na kuzirudisha sokoni. Mwezi wa Desemba mwaka 2021, shirika la UNESCO liliitambua juhudi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya kiasili kuwa mfano mwema wa kuigwa katika kulinda urithi wa kitamaduni. Ulimwengu umetupigia makofi kwa ajili ya kitu ambacho wengi wetu bado tunaona haya kukipakua mbele ya wageni. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Isitoshe, namna za kupika tulizorithi zina hekima ambayo sayansi imeithibitisha. Majani ya kijani yana viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, lakini hauwezi kuvifyonza vyema pasipo mafuta. Watu wa pwani hupika mchicha kwa tui la nazi. Watu wa magharibi hutia maziwa au malai katika mnavu, hivyo wakaupunguza uchungu na papo hapo wakautia mafuta. Kwingineko kunde huungwa kwa njugu zilizosagwa. Hawa wote hawakuingia maabara, lakini ndimi zao ziliwafikisha pale pale.

Hata hivyo, sifa haina budi kuandamana na hadhari. Si kila lililofanywa na wazee linafaa kuigwa. Kuchemsha mboga kwa muda mrefu na kuyamwaga maji yake ni kuimwaga sehemu ya vitamini. Magadi hulainisha majani magumu, lakini huharibu vitamini C. Mnavu haufai kuliwa mbichi kama kachumbari. Sharti upikwe, na matunda yake mabichi ya kijani yaepukwe. Na chochote kiliwacho bila kupikwa hakina budi kuoshwa kwa maji safi yanayotiririka, kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni, kwa maana kipindupindu hakijui tofauti ya saladi na kachumbari.

Wako watakaosema kwamba haya ni mashauri ya mtu aliyeshiba. Kwamba mzazi anayehangaikia unga hana nafasi ya kuwaza kitoweo. Nawajibu kwamba ni mzazi huyo hasa ninayemfikiria. Mchicha uliopandwa katika gunia la udongo nyuma ya nyumba huanza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne hivi. Mgagani na mnavu aghalabu huota vyenyewe mvua inyeshapo. Mnyonge hapungukiwi kwa kuambiwa kwamba kilichomo shambani mwake ni chakula cha heshima. Hupungukiwa anapofundishwa kuking'oa na kukitupa.

Ndiposa nawageukia walimu. Katika mtaala wa umilisi, kilimo na lishe vimewekwa pamoja katika madarasa ya juu ya shule ya msingi. Mwalimu wa Kiswahili asikae kando akidhani hayo hayamhusu. Awatume wanafunzi nyumbani wakawaulize nyanya na mama zao majina ya mboga tano kwa lugha ya mama, kisha darasani wayatafute majina hayo kwa Kiswahili na kuyapanga katika ngeli: mnavu na minavu, mchicha na michicha, kunde zile zile za I-ZI. Awape insha ya maelezo: jinsi ya kutengeneza kachumbari, hatua kwa hatua. Insha hiyo itamfunza mtoto vitenzi ambavyo havipatikani katika insha ya ajali ya barabarani: kukatakata, kumenya, kufikicha, kusuuza, kukamua, kupara, kuunga. Lugha ambayo haiingii jikoni hubaki lugha ya mtihani, na lugha ya mtihani huaga dunia siku matokeo yatangazwapo.

Nanyi wanafunzi, msingoje mwalimu awatume. Mrudipo nyumbani wakati wa likizo, shikeni kisu na ubao. Mvulana naye ashike. Hakuna kanuni ya sarufi isemayo kwamba kitenzi pika kina nafsi ya kike peke yake. Mkiisha kuandaa kitoweo chenu, kiiteni kwa jina lake. Msiseme leo hapana mboga ilhali bakuli la kachumbari liko mezani na mchicha wa nazi unafuka mvuke kando ya ugali. Semeni tumekula ugali kwa kitoweo, na mseme bila kuinamisha nyuso, kwa maana kile mlichokula kina jina, kina historia, na kina nguvu ya kuiandaa damu yenu kwa masomo ya kesho.