Kuvu na Hesabu ya Saa Tatu

Aghalabu tuonapo utando mweupe kinywani mwa mtoto mchanga husema ni kuvu, tukanunua dawa kwa kukisia. Lakini Candida albicans, kuvu isababishayo sana utando huo, ina tabia inayostahili kupimwa.

Kuvu hii huishi vinywani na matumboni mwa watu wengi bila kuwadhuru, ikiwa chembe ya mviringo inayochipua mfano wa hamira tunayoumulia maandazi. Hali ikiiruhusu, hutoa uzi, na uzi huo ndio upenyao nyama ya mwili. Mnamo 1997 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kuvu iliyonyimwa uwezo wa kutoa nyuzi ilishindwa kuwaua panya. Mwaka wa 2016 ikabainika kuwa nyuzi zenyewe hutoa sumu iharibuyo chembe za mwili.

Kipimo chake hakina makuu. Mtaalamu hutia kuvu kidogo katika maji ya manjano yabakiayo damu ikishaganda, akayaweka kwenye joto la digrii 37 kwa saa mbili hadi tatu. Kisha hutazama kwa hadubini: katika chembe 100, ngapi zimetoa uzi? Akirudia hesabu kila nusu saa, huona na kasi ya mageuzi. Ila pana mtego. Uzi wa kweli haubanwi pale utokapo kwenye chembe mama. Ukiona shingo imebanwa, huo ni mnyororo wa chembe zilizorefuka tu. Tena, saa tatu zikipita, Candida tropicalis nayo huweza kumhadaa mpimaji.

Mgonjwa anafaidika vipi? Candida krusei haitoi uzi katika kipimo hiki, na dawa ya flukonazoli haiiwezi. Candida auris, iliyotambuliwa Japani mwaka wa 2009 na iliyo sugu kwa dawa nyingi, nayo kwa kawaida haitoi. Basi kuvu ya damuni ikishaoteshwa maabarani, kukosekana kwa uzi kwamwonya daktari asiitegemee dawa ya mazoea huku akingoja vipimo vikubwa.

Shirika la Afya Duniani lilipoorodhesha kuvu hatari mwaka wa 2022, albicans na auris zilitiwa katika daraja la juu kabisa. Mashine za kisasa sizibezi, hata kidogo. Lakini hospitali ndogo isiyo nazo, ikiwa ina hadubini na mtu aliyefunzwa kuhesabu, ina udhuru gani wa kukisia?