Yai la Mamba Si Yai la Kuku

Tukipita sokoni Kariakoo, hapa Dar es Salaam, twaona mayai ya kuku yamepangwa safu kwa safu, wala muuzaji hajali ni upande upi uliokaa juu. Mnunuzi naye hutwaa yai, akaligeuza, akalitikisa sikioni apate kujua kama ni zima. Hapana neno, maana ni yai la kuliwa. Hata mayai ya kuatamiwa, kuku mwenyewe huyageuza kila siku, ili kifaranga asigandamane na utando wa ganda.

Lakini mkono uliozoea mayai ya Kariakoo ukishika yai la mamba vivyo hivyo, huua. Mamba hufukia mayai yake, 50 hivi, mchangani kando ya mto, kama vile Rufiji, naye hayageuzi kamwe kwa muda wa miezi 3. Yapata siku moja baada ya yai kutagwa, mtoto hujishikiza upande wa juu, chini ya ganda. Yai likipinduliwa hubanduka, akafa. Na kwa nje haionekani dalili yo yote.

Basi wafugaji wa mamba, wakiisha kupata ruhusa ya serikali, kwani mamba hulindwa kwa sheria, hufuata kanuni nne.

Kwanza, kabla ya kuliinua yai, hulitia alama juu kwa kalamu ya risasi, na alama hiyo hubaki juu tangu shimoni hata mwisho. Aliyesahau hutafuta doa jeupe juu ya ganda: hapo ndipo mtoto aliposhika.

Pili, hulilaza katika sanduku lenye mchanga wa unyevu, kwa sababu yai likikauka mtoto hufa. Njiani halitikiswi.

Tatu, hulinda joto, liwe kati ya digrii 31 na 33. Na hapa pana ajabu: joto ndilo liamualo jinsi. Chini ya 31 karibu wote huwa majike. Penye 32 na 33 madume huzidi.

Nne, hutega sikio. Watoto wakikaribia kutoka hulia ndani ya mayai. Mtoni mama huwasikia, akawafukua. Sandukuni mama hayupo. Mfugaji asiposikia na kuwafunulia, kazi yote ya miezi 3 hupotea siku ya mwisho.