Siri ya Mgonjwa na Haki ya Kuliona Faili Lake

Siri ya mgonjwa ni wajibu wa kila mtumishi wa afya, kuanzia daktari hadi karani wa mapokezi, kutotoa nje habari alizozipata kazini kuhusu anayetibiwa. Wajibu huo unakwenda pamoja na haki ya mgonjwa kuyaona yaliyoandikwa juu yake. Kituo kinachomnyima mgonjwa majibu yake, huku kikiacha foleni nzima iyasikie, kimemkosea mara mbili.

Nchini Rwanda, ibara ya 23 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na familia yake, na Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 inahusu ulinzi wa taarifa binafsi. Sheria hiyo inaziweka hali ya afya na kumbukumbu za matibabu katika kundi la taarifa nyeti, na muda wa kujiandaa kuitekeleza ulikwisha Oktoba 2023. Msimamizi wake ni Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao. Kenya na Uganda zilipata sheria za aina hiyo mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022.

Wilayani Rusizi, Cyangugu ya zamani, hospitali za Gihundwe na Mibilizi hupokea wagonjwa wanaotumwa na vituo vya afya. Siri huanza kuvuja mapema, kabla mgonjwa hajamwona daktari. Dirishani anaonyesha kitambulisho na kadi ya mituweli, yaani bima ya afya, kisha anaulizwa anaumwa nini. Akijibu kwa sauti, wa nyuma yake wamesikia. Akinong'ona, ataambiwa arudie. Katika mji kama Kamembe, ulio wilayani humo, aliyesikia huenda ni jirani, shemeji au mteja wake wa sokoni. Rejista iliyoachwa wazi mezani nayo husomwa na anayefuata. Dawa ya hayo haihitaji fedha nyingi: foleni isogezwe nyuma, rejista ifunikwe, swali la ugonjwa liachiwe chumba chenye mlango. Kompyuta hazimalizi tatizo watumishi wanapotumia nywila moja, kwa maana haijulikani tena nani alifungua faili la nani.

Mshauri wa afya wa kijiji yuko katika nafasi ngumu zaidi. Huyu huchaguliwa na wanakijiji wenzake, hupima malaria nyumbani na hufuatilia wajawazito. Kuishi kwake karibu na watu ndiko kunakoifanya kazi yake ifae, na ndiko kunakowatia watu hofu. Mama akishuku kwamba habari zake zitafika kisimani, ataficha mimba hadi miezi ya mwisho, na kliniki ya mapema itakuwa imempita.

Siri ina mipaka. Wanaomtibu mgonjwa hupeana habari zinazohitajika kwa tiba, mahakama inaweza kuziagiza, na magonjwa ya mlipuko lazima yaripotiwe. Wilaya ya Rusizi, inayopakana na mji wa Bukavu wa Kongo, inalijua hili vizuri, maana watu huvuka mto Rusizi kila siku kwa biashara. Rwanda ilipotangaza wagonjwa wake wa kwanza wa mpox Julai 2024, umma ulielezwa kuhusu ugonjwa na safari zao za Kongo bila majina yao. Ndivyo inavyopasa. Kinyume chake, nchini Kenya, agizo la rais la mwaka 2015 la kukusanya orodha ya wanafunzi wenye VVU lilipingwa kortini, na Desemba 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba lilivunja Katiba.

Kuhusu kuliona faili, karatasi na kompyuta ni mali ya kituo, lakini habari zilizomo zinamhusu mgonjwa, na sheria inampa haki ya kuzipata. Anaweza pia kudai kosa lisahihishwe. Jambo hili si dogo: aina ya damu au mzio wa dawa ukiandikwa vibaya, hatari yake ni ya maisha. Kwa anayehamishiwa Kigali, au anayerudi Bukavu baada ya kutibiwa Kamembe, nakala ya vipimo humwepusha kupimwa upya na kulipa mara ya pili. Mume hana haki ya kupewa majibu ya mkewe kwa sababu tu ni mume, wala mke ya mumewe.

Ombi ni vizuri liandikwe, likitaja jina, tarehe za matibabu na kinachotakiwa, na mwombaji abaki na nakala yenye tarehe ya kupokelewa. Kituo kina siku 30 za kujibu. Siku hizo zikipita kimya, au siri ikiwa imeshatoka, malalamiko yapelekwe kwa Mamlaka hiyo ya Usalama wa Mtandao, Kigali, yakiambatanishwa na nakala hiyo.