Bega Lililoumia na Mkanda wa Mkononi

Mchukuzi wa magunia, seremala, mpaka rangi na mvuvi avutaye nyavu, wote hawa hula kwa nguvu za mabega yao. Kano za bega zikichanika na daktari akazishona, mkono hutundikwa kwa kitambaa shingoni majuma kadhaa, na katika majuma hayo misuli husinyaa. Hapo ndipo taabu ianzapo. Kwa desturi misuli hairudi kuwa minene ila kwa kushindana na uzito mkubwa, yapata sehemu 70 katika 100 za uzito ule ambao mtu aweza kuunyanyua mara moja tu. Na kano iliyoshonwa juzi haistahimili mzigo huo. Mfanyakazi mwenye watoto wa kulisha hukaa katikati ya mambo hayo mawili akihesabu siku.

Iko njia moja isemwayo kuwa yaweza kumsaidia, nasi twaona vema tuieleze kabla hajaelezwa na wachuuzi.

Asili yake ni Japani. Mwaka 1966 kijana aitwaye Yoshiaki Sato alikuwa katika ibada ya Kibudha, amepiga magoti na kukalia visigino. Miguu ikafa ganzi. Alipoyasugua mashavu ya miguu aliyaona yamevimba kama ya mtu aliyetoka kufanya mazoezi mazito. Wengi wetu tungalinyosha miguu tukasahau. Yeye alijiuliza sababu, akaanza kujifunga mikanda, na kwa miaka mingi mwili aliojaribia ulikuwa wake mwenyewe.

Leo mkanda hujazwa hewa, kama ule wa kupimia shinikizo la damu, nao hufungwa juu kabisa ya mkono, karibu na kwapa. Damu iingiayo hupunguzwa, isikatwe. Irudiyo moyoni huzuiwa. Kwa mkono, shinikizo huwa kama nusu ya lile ambalo lingeisimamisha damu kabisa. Mgonjwa hunyanyua uzito mdogo, sehemu 20 hadi 30 katika 100, mara 30, kisha mara 15 kwa vipindi vitatu, akipumzika nusu dakika kila baada ya kipindi. Misuli, ikikosa hewa safi, huchoka upesi na kufanya kazi kana kwamba mzigo ni mzito.

Lakini msomaji makini atauliza: bega si liko juu ya mkanda? Swali hili ni la haki, na wataalamu wenyewe hawajapatana. Katika jaribio moja lililotangazwa mwaka 2020, watu 46 walifanya mazoezi majuma 8. Waliofungwa na wasiofungwa wakaongezeka nguvu za bega sawasawa. Mwaka uliofuata, wataalamu wa Houston, Marekani, wakatangaza habari za watu 32, nao waliona waliofungwa wamepata faida zaidi hata katika misuli ya begani. Wako wadhanio kwamba mkono ukichoka mapema, bega hulazimika kubeba sehemu yake. Majaribio yote mawili yalifanywa kwa watu wazima wa afya, wala si kwa wenye kano zilizoshonwa. Kwa hiyo yeye amwambiaye mchukuzi kwamba mkanda huu utamrudisha kazini upesi, anasema zaidi ya ajuavyo.

Tena kuna hatari. Mpira wa baiskeli haupimi shinikizo. Waweza kuua mishipa ya fahamu au kugandisha damu. Mwenye historia ya damu kuganda, mwenye shinikizo la damu lisilotulizwa, mama mjamzito, na mwenye selimundu, ugonjwa usio haba katika nchi zetu za Afrika Mashariki, wasijifunge bila idhini ya daktari.

Naye atakayefungwa hospitali aulize mambo mawili: je, shinikizo limepimwa kwa mkono wake mwenyewe, na je, daktari aliyemshona amekubali? Vidole vikipoa au kugeuka rangi, mkanda ufunguliwe papo hapo.