Maua ya Usiku Mmoja: Mimea Adimu katika Vitalu Nyumba vya Vyuo Vikuu

Katika mji wa Bonn, Ujerumani, mimea ya Sumatra, ya Amazoni na ya jangwa la Namib hukua jirani kwa jirani chini ya mapaa ya kioo, hata pale theluji inapotanda nje. Vitalu nyumba hivyo ni vya chuo kikuu cha mji huo. Wakulima wa nyanya na pilipili hoho wa Afrika Mashariki wanavijua vitalu nyumba vya nailoni, ambavyo kazi yake ni kulikinga zao na mvua, wadudu na magonjwa ili livunwe kwa wingi. Kitalu nyumba cha chuo kikuu kina kazi nyingine: kuotesha mimea isiyoweza kumea nje katika nchi kilipo, ili ifundishiwe, ichunguzwe na ihifadhiwe. Baadhi ya mimea hiyo hukaa miaka mingi bila kuchanua, na ua likifunguka halimalizi hata siku mbili.

Desturi hii ni ya zamani. Chuo Kikuu cha Pisa, Italia, kilianzisha bustani ya mimea mwaka 1544, Padova ikafuata mwaka 1545, na Leiden ya Uholanzi mwaka 1590. Lengo la kwanza lilikuwa tiba: mwanafunzi wa udaktari alitakiwa kuutambua mmea wa dawa kwa macho na kwa pua kabla ya kumpa mgonjwa. Meli zilipoanza kurudi Ulaya na mbegu na miche ya nchi za joto, mimea mingi ilikufa kwa baridi. Ndipo zikajengwa nyumba za kupashwa moto, na baadaye nyumba za kuta na paa la kioo.

Kioo huruhusu mwanga wa jua uingie, udongo na majani yakaunyonya na kupata joto, kisha hewa iliyopata joto ikabaki ndani badala ya kupeperuka. Hilo halitoshi wakati wa baridi kali, kwa hiyo mabomba ya maji ya moto hupitishwa kando ya kuta. Shida nyingine ni mwanga. Karibu na ikweta mchana huchukua takribani saa 12 mwaka mzima, lakini mwezi wa Desemba mchana wa Bonn ni wa saa 8 tu, hivyo taa hufidia upungufu. Kila chumba kina tabianchi yake: cha msitu wa mvua hunyunyiziwa ukungu wa maji, cha jangwa huachwa kikavu kwa wiki nyingi. Mmea ukikosea majira, hauchanui. Ndiyo maana ua moja adimu ni ushahidi kwamba watunzaji wameuelewa mmea na kwao.

Mmea unaovuta watu wengi zaidi ni Amorphophallus titanum wa misitu ya magharibi mwa Sumatra, Indonesia. Mtaalamu wa mimea kutoka Italia, Odoardo Beccari, aliueleza mwaka 1878 na kupeleka mbegu zake kwao. Mche mmoja uliotokana na mbegu hizo ulifika bustani ya Kew, London, na ukachanua mwaka 1889. Ukanda wa pwani wa Kenya na Tanzania una ndugu yake mdogo, Amorphophallus maximus, lakini yule wa Sumatra hana mfano kwa ukubwa. Bonn ilimwona akichanua kwa mara ya kwanza mwaka 1937, na mwaka 2003 ua lake huko lilifikia urefu wa mita 2.74, rekodi ya dunia kwa wakati huo.

Chini ya ardhi mmea huu una tunguu, ghala la chakula linaloweza kupita kilo 100. Kila msimu tunguu hutoa jani moja tu, nalo hupanda hadi mita 6 na kutanuka juu, hata mgeni akadhani ni mti mdogo. Jani hutengeneza chakula, hukishusha kwenye tunguu, kisha hunyauka, na mmea hulala kwa miezi kadhaa. Mzunguko huo hurudiwa kwa miaka 7 hadi 10, pengine zaidi, mpaka akiba itoshe kugharimia ua. Ndipo linapotoka chipukizi ambalo si jani. Katika siku zake za mwisho hurefuka kwa sentimita kadhaa kila siku, na watunzaji hulipima asubuhi na jioni.

Kinachoitwa ua moja hapo ni mkusanyiko wa maua mamia. Mhimili mrefu wa rangi ya manjano husimama katikati, umezungukwa na gamba pana lenye mikunjo, kijani kwa nje na zambarau iliyoiva kwa ndani. Maua halisi ni madogo, nayo yamejificha chini kabisa: ya kike yamepanga safu kwenye kitako cha mhimili, ya kiume yako juu yake. Gamba hufunguka alasiri au jioni. Usiku huo mhimili hupata joto hadi karibu na joto la mwili wa binadamu, na joto hilo hurusha mbali harufu ya mzoga. Sehemu kubwa ya uvundo huo hutokana na kemikali zenye salfa, za aina ileile inayotoka kwenye nyama inayooza. Mbawakawa na nzi wa mizoga huitikia wakidhani wamepata pa kula na pa kutagia mayai.

Usiku wa kwanza maua ya kike yako tayari kupokea chavua, lakini ya kiume bado yamefunga. Usiku wa pili mambo hugeuka: ya kike yamepitwa na muda wake, ya kiume yanamwaga chavua. Kwa mpango huo mmea hauwezi kujichavusha wenyewe kwa urahisi. Mdudu lazima alete chavua kutoka kwa mmea mwingine. Ndani ya kitalu nyumba mdudu huyo hayupo. Mtunzaji hukata kidirisha kwenye gamba, karibu na kitako, akaingiza brashi laini na kupaka chavua juu ya maua ya kike. Chavua hiyo mara nyingi imetoka bustani nyingine, ikiwa imehifadhiwa kwenye baridi kali.

Mmea mwingine wa usiku ni dungusi kakati wa Amazoni aitwaye Selenicereus wittii. Hana umbo la nguzo lenye miiba ambalo watu wamezoea: mashina yake ni bapa kama majani, nayo hujibana kwenye magogo ya miti katika misitu inayofurika kila mwaka. Bustani ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, ilipata mmea huo kutoka Bonn mwaka 2015, na tarehe 20 Februari 2021 ukachanua. Ua jeupe hukaa mwisho wa mrija mwembamba unaokaribia sentimita 27, na nekta iko chini kabisa ya mrija. Nondo wachache tu, wenye ulimi mrefu wa kutosha, wanaweza kuifikia. Ua hufunguka jua linapozama na kufikia kikomo kabla ya asubuhi. Manukato yake huanza matamu, kisha huchacha.

Agave americana haina haraka kabisa. Mwaka 1934 mmoja uliletwa kutoka Meksiko hadi Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, na ukakaa miaka 80 bila kuchanua. Mwaka 2014 shina la maua lilichomoza na kupanda kwa kasi hadi likaigusa dari, ikabidi vioo vya paa viondolewe ili lipite. Lilizidi mita 8. Baada ya hapo mmea ulikufa, kwa sababu agave hutumia akiba yake yote kwa tendo hilo moja. Wakazi wa Tanga na Kilifi wameona jambo hilohilo kwenye mkonge, ambao nao ni agave: mmea usiokatwa majani hutoa shina refu la maua mara moja, kisha hukauka na kuacha vichipukizi.

Afrika Mashariki yenyewe imetoa moja ya mimea ya ndani inayopendwa zaidi duniani. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani huko Tanga, alipeleka kwao ua dogo la zambarau lililoota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu ya Usambara. Mwaka uliofuata Hermann Wendland wa bustani za Hannover akaueleza mmea huo kitaalamu na kuuita Saintpaulia. Aina za kibiashara zinazopamba madirisha ya Ulaya na Marekani zilianzia kwenye mimea michache tu ya asili, ilhali ndugu zake wa porini wamebaki kwenye vipande vya misitu ya Tanzania na Kenya, vingine vidogo mno. Mti wa kivuli ukikatwa juu yao, mwamba hukauka nao hufa.

Hapo ndipo thamani ya vitalu nyumba, na mipaka yake, huonekana. Amorphophallus titanum sasa imo katika orodha ya kimataifa ya spishi zilizo hatarini, na inakadiriwa kwamba porini imebaki mimea isiyofika 1,000. Bustani zinaweza kushikilia mbegu na chavua wakati msitu unafyekwa. Lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2025, uliopitia kumbukumbu za karibu mimea 1,200 katika taasisi 111, ulionyesha kwamba mingi ni nakala za mmea mmoja au watoto wa ndugu wa karibu, na kwamba asili ya mingi haikuandikwa vizuri. Uzao wa namna hiyo hudhoofika kizazi baada ya kizazi. Tiba yake ni kazi ya subira: kuandika kila mmea umetoka wapi, na kubadilishana chavua kati ya bustani zilizo mbali. Hata hivyo, hakuna kioo kinachoweza kubeba mbawakawa, nondo, ukungu na miamba yote ambayo mimea hii imezoeana nayo kwa maelfu ya miaka. Kitalu nyumba huweka akiba. Msitu wa Sumatra na wa Usambara lazima ubaki umesimama ili akiba hiyo iwe na pa kurudi.