Base ya Kamina: Kuongea na seva kwa maandishi ili kujua barua pepe imekwama wapi

Barua pepe ikikataa kutoka Base ya Kamina, mtu hajui amlaumu nani. Tatizo linaweza kuwa kwenye kompyuta yake, kwenye antena ya kampuni ya simu, au kwenye seva iliyoko mbali, Lubumbashi, Kinshasa au Ulaya. Akinunua mega nyingine na kujaribu tena bila kujua chanzo, pesa zinaenda na barua inabaki palepale.

Mafundi wa mtandao wana njia ya zamani ya kupata jibu: kuongea na seva moja kwa moja, kwa maandishi, kupitia programu ndogo za terminali kama telnet na netcat. Telnet ilianza mwaka 1969. Inafaa hadi leo kwa sababu protokoli nyingi za intaneti ziliandikwa kama mazungumzo. SMTP, protokoli ya kupeleka barua pepe, iliyoandikwa na Jon Postel mwaka 1982, hutumia maneno mafupi kama HELO, MAIL na QUIT.

Watu wa Kamina wanaweza kufikiria stesheni ya gari-moshi mjini kwao. Stesheni ni moja, lakini kuna reli ya Lubumbashi, ya Ilebo na ya Kabalo. Seva nayo ina milango yenye namba: 25 hupokea barua kutoka seva nyingine, 80 hutoa kurasa za wavuti, 110 hutumiwa kuchukua barua.

Fundi anaandika telnet, jina la seva, kisha 25. Jibu likianza na 220, njia ni nzima na seva iko tayari. Anaandika HELO na jina la mashine yake; 250 ni kukubaliwa. Namba inayoanza na 4 inamaanisha ajaribu baadaye. Inayoanza na 5 ni kukataliwa kabisa, kwa mfano anwani haipo.

Seva ikinyamaza, huenda njia imekatika au mlango umefungwa. Kampuni nyingi za intaneti hufunga mlango 25 ili kuzuia barua taka, kwa hiyo ni vizuri kujaribu pia 587, mlango wa wateja wanaotuma barua.

Mazungumzo yote ni herufi mia chache tu, wakati ukurasa mmoja wa wavuti siku hizi mara nyingi unazidi mega moja.

Kuna hatari pia. Telnet haifichi chochote: neno la siri likipita humo, aliye njiani anaweza kulisoma. Kwa milango iliyofungwa kwa usimbaji, kama 443 na 993, mafundi hutumia openssl. Tena, mtu ajaribu tu seva yake au ile aliyoruhusiwa. Base ya Kamina, iliyojengwa na Wabelgiji baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ni kambi ya jeshi. Kugonga milango ya mashine za wengine kunaweza kuchukuliwa kama shambulio.

Kwenye Windows, telnet huwa imezimwa na inabidi kuiwasha kwanza. Ikishafanya kazi, mteja hatamwambia tena mhudumu kwamba "mtandao ni mbaya". Atamwambia mlango gani haukujibu, au ni namba gani seva imemrudishia.