MASIKIO YANAPOVUMA, JE, UMEME UNATIBU?



Mzee mmoja, mvuvi wa zamani, alitujia chuoni kutaka shauri. Masikio yake huvuma usiku kucha, usingizi haupati. Alisikia kuwa kipo kifaa cha umeme kinachopandikizwa sikioni, akataka kuuza shamba lake la minazi. Tumeona tulieleze jambo hili, kwani hayuko peke yake.

Mvumo huo si jini, wala si dalili kwamba unasengenywa. Ndani ya sikio mna sehemu iliyojikunja mfano wa konokono, yenye vijinywele vinavyopeleka sauti kwenye mshipa wa fahamu. Vijinywele hivyo huharibiwa na uzee, na baadhi ya dawa, na makelele makubwa kama ya baruti za uvuvi haramu hapa pwani kwetu. Ubongo ukikosa sauti, hujitungia yake.

Mwaka 1957, mjini Paris, Djourno na Eyriès walipitisha umeme kwenye mshipa wa usikivu wa mtu kiziwi, naye akasikia sauti. Baadaye vikatengenezwa vifaa vya leo: nje kinasa sauti, ndani nyaya nyembamba zinazousisimua mshipa. Hospitali ya Muhimbili ilianza kuvipandikiza mwaka 2017. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa nje, hasa India.

Lakini kifaa hiki ni cha viziwi. Wengi wao mvumo hupungua, wengine haupungui, na wachache huzidi. Kikivuliwa usiku, huweza kurudi. Tena upasuaji wake huweza kuua usikivu uliobaki. Mwaka 2023 Marekani iliruhusu kifaa kingine kisichohitaji upasuaji, kinachotoa sauti masikioni na umeme mdogo ulimini. Hicho nacho hupunguza usumbufu, hakiondoi maradhi.

Mzee wetu bado anasikia. Tulimwambia: shamba usiuze. Nenda kwanza Bombo ukapimwe, huenda ni taka zilizoziba sikio. Usikivu ukiwa umepungua, mashine ndogo ya kuvaa sikioni huweza kusaidia. Usiku washa feni, sauti yake hufunika mvumo. Ama mtu akipoteza usikivu ghafla, asingoje hata siku moja.

Nanyi wanafunzi, msichokonoe masikio kwa njiti, na spika za masikioni zipunguzeni sauti. Usikivu ni amana tutakayoulizwa. Tuitunze ingali mikononi mwetu.

Wabillahi tawfiq.